Ukurasa Mchafu Umepona

...umepona, inasema umepona, ukurasa mchafu umepona, nimeusoma mstari huu mpaka herufi zimeanza kutembea kwenye kioo, na Houssein bado yuko sikioni mwangu, yuko Muyinga, ndani ya chumba cha upasuaji cha tawi la hospitali yetu, nasikia kitu cha chuma kikilazwa kwenye sinia, nasikia pumzi yake nyuma ya barakoa, yeye ndiye atakayemchoma mgonjwa sindano ya kwanza na kumlaza usingizi, dada Anisia, uko unanisikia? mi nangoja, dossier, faili yake, iko mbele yangu, kwa allergie, dawa zenye kumukataa, wameandika hakuna, ni vrai ao si vrai, ni kweli? na mimi nasema subiri kidogo Houssein, naangalia, kana kwamba kuna kitu kingine cha kuangalia zaidi ya mstari huu mmoja na taa ya rangi ya chungwa iliyowaka kwenye seva tangu asubuhi, naangalia, naangalia, uongo mtupu, nimeshamaliza kuangalia, na mgonjwa ni Raissa, angekuwa mtu nisiyemjua ningekuwa nimeshajibu, hapana, usijidanganye Anisia, ungesitasita vilevile, lakini si hivi, kwa sababu chumba ninachopanga hapa Gitega, kule Nyamugari, kiko ndani ya ua wa Raissa, kamba yetu ya kuanikia nguo ni moja, juzi tu ameondoka kwenda kwa mama yake Muyinga kwenye harusi ya binamu, kanga ya kuvaa harusini ameikumbatia isikunjike, akaniambia jirani uniangalizie kuku, na leo kidole tumbo kimempasukia huko huko kwenye mchele na vigelegele, wakamleta kwenye tawi letu amejikunja kama mtoto, na kabla ya kumpasua lazima wamchome dawa ya kuzuia usaha usisambae mwilini, ile ya ukoo wa penisilini, ndiyo iliyo tayari, ndiyo inayoingia haraka, na kuna watu dawa hiyo ikiwaingia koo linavimba na kujifunga, na mtu aliyekwisha kulazwa hawezi kuinua mkono aseme nakabwa... dawa nyingine ipo, Houssein amesema ipo, lakini inaingia pole pole kwa dripu, inakula muda, na muda ndio Raissa hana, ndiyo maana ananiuliza mimi, mimi mtu wa mashine, kwa sababu mafaili ya wagonjwa wote wa Gitega na Muyinga yanakaa ndani ya sanduku hili linalovuma mbele ya tumbo langu, na sanduku hili asubuhi ya leo limesahau kitu.

Alors, Anisia? huyu ni daktari Imelda, mkuu wetu, amesimama mlangoni kwa sababu chumba hakitoshi watu wawili, anasoma kioo juu ya bega langu, si imeandika imepona? mashine si iko inafanya kazi? umwambie basi Houssein, mtoto wa watu iko kwa meza, na simlaumu, ningelisoma hivyo hivyo kama nisingelijua lile neno la katikati, mchafu, nitamwambiaje, Daktari, si uchafu wa vumbi, kernel inaita hivyo, kernel ni kile kiini kinachokaa chini ya programu zote na kuzigawia kumbukumbu, na inaigawa kwa kurasa, ukurasa safi ni ule ambao nakala yake iko kwenye diski, ukiharibika kernel inautupa na kwenda kuusoma upya kutoka diskini, hakuna kilichopotea, lakini mchafu ni ule ulioandikwa jambo jipya ambalo bado halijafika diskini, liko njiani, liko kati ya vidole vya Farida wa mapokezi na diski, nusu dakika hivi, si zaidi, na ukiharibika ndani ya nusu dakika hiyo kernel inautupa vilevile, inaufungia pale usiguswe na programu yoyote tena, inasoma wa zamani, na inaandika umepona, kwa sababu kweli mashine imepona, haikuanguka, haikumpa mtu herufi mbovu, lakini lile jambo jipya halipo tena popote, na mahali pake pamekaa la zamani, limenyooka, halina hata doa la kuonyesha kwamba kuna kitu kilikuwepo... hakuna, allergie, hakuna, inaweza kuwa hakuna ya kweli, inaweza kuwa hakuna ya mwaka juzi iliyorudi kukaa juu ya neno la asubuhi, na mimi asubuhi nilimwona Ilyasi.

Nilimwona, mume wa Raissa, na kanzu yake ya Ijumaa tayari, ameegemea kaunta ya mapokezi, anasema kitu na Farida anaandika, anasema na Farida anaandika, nilipita na kikombe cha chai nikasema shemeji salama? akasema salama, ni Raissa, tumbo linamusumbua huko, nimekuja wafunguliwe dossier yake kule Muyinga, nikasema Mungu atamsaidia, nikapita, sikusimama, kwa nini sikusimama, chai ilikuwa inanichoma vidole, ndiyo sababu, chai, na nilipokaa hapa taa ilikuwa imeshabadilika rangi na mistari inashuka, kosa la kumbukumbu lisilosahihishika, ukurasa fulani umefungiwa, mchafu, umepona, na mimi nikasema afadhali, haikufa, nikanywa chai yangu, Mungu wangu, nilikunywa chai, wala sikujiuliza ulikuwa ukurasa wa nani... na kernel haisemi ni wa nani, inatoa namba ya ukurasa ndani ya kumbukumbu, kama namba ya nyumba kwenye mji usio na majina ya watu, inaweza kuwa bili ya mtu wa Ryansoro, inaweza kuwa uzito wa mtoto, programu nyingine ingeulizwa ingejibu, kwa sababu kernel huwa inaiambia programu, mara moja tu, faili lako limepata shida, lakini programu yetu iliandikwa na mtu aliyekwisha hamia Canada, haiulizi, inaandika na kwenda zake.

Dada Anisia! ...niko hapa Houssein, niko hapa, mgonjwa mwenyewe anasemaje, muulize mwenyewe, nimemuuliza dada, iko na homa kali, ukimuuliza umeshapata allergie anasema ndiyo, ukimuuliza unaitwa Houssein anasema ndiyo, na nyuma yake nasikia sauti ya mwanamke mkubwa, mlango uko wazi, ni mama Zaituni, mama yake Raissa, anasema mi sijui, mwanangu akiwa kwangu hakuwahi kuchomwa sindano mbaya, aliolewa mzima, muulize bwana yake, muulizeni Ilyasi, na Houssein anasema tumemupigia mama, simu yake haipite, na mimi nimempigia pia, namba iliyo kwenye faili, mwanamke wa ndani ya simu anasema haipatikani kwa Kirundi kisha kwa Kifaransa, na ni Ijumaa, bila shaka yuko msikitini, amezima, kila mtu amezima, na Farida ameenda kwao Nyamugari kula na simu yake ameiacha inachaji, niliipiga na ikaita pale pale kaunta, nyuma ya ukuta huu, kwa wimbo wake ule wa harusi, imeita mpaka ikanyamaza, daktari Imelda akamtuma mlinzi na pikipiki amfuate, atakuja, lini atakuja, Nyamugari si mbali, si mbali kwa mtu asiyelala mezani na tumbo lililopasuka.

Fikiri, Anisia, unamjua Raissa, mmefua pamoja, kuna siku alisema kitu, tulikuwa tunakamua shuka, yeye upande ule mimi upande huu, akasema kuna sindano walimchoma Bujumbura, akavimba uso mpaka hakuona, akacheka, akasema nilikuwa kama mkate, nakumbuka mkate, nakumbuka alivyojaza mashavu hewa kunionyesha, lakini ni yeye aliyevimba au wifi yake, alisema nilivimba au alivimba, sabuni ilikuwa machoni mwangu, mimi nilikuwa nafikiria mvua inakuja na shuka hazijaanikwa, nilicheka naye bila kusikia, mtu anakusimulia jambo lililotaka kumuua na wewe unaangalia mawingu... na sasa nikivuta ile siku inakuja tofauti kila nikiivuta, mara ni yeye, mara ni wifi, mara hakuna Bujumbura, nikimwambia Houssein nimekumbuka atanisadiki, ndilo linalonitisha, atanisadiki kama anavyoisadiki mashine, na nikimwambia hakuna atanisadiki pia, ataingiza ile dawa ya haraka, na huenda ni kweli hakuna, huenda Ilyasi asubuhi alisema habari za damu yake, habari za umri, habari za kuku, huenda ule ukurasa ulikuwa wa mtu mwingine kabisa na mimi namchelewesha Raissa kwa sababu ya bili ya mtu wa Ryansoro, na kila pumzi ninayovuta hapa usaha unatembea kule.

Mais Anisia, jibu mtu, anasema daktari Imelda, na sauti yake si ya hasira, ni ya mtu anayeona mwenzake amesimama katikati ya barabara, nasema ndiyo Daktari, naangalia tu kama... kama nini, naangalia kama mashine yenyewe haitafia mkononi, hilo nalo, kwa sababu kipande kile cha RAM, barrette wanavyokiita hapa, ni kibovu tangu mvua zianze, nimekuwa nikiona mistari yake midogo, kosa limesahihishwa, kosa limesahihishwa, hayo si ya kutisha, chembe moja ikigeuka, sifuri ikawa moja, kumbukumbu ya seva ina chembe za ziada za ulinzi, inaona yenyewe na kunyoosha yenyewe, na ukurasa ukizidi kukosea kernel inahamisha vitu vyake kimya kimya na kuufunga, kama watu wanavyohamisha kitanda chini ya bati linalovuja, na daktari Imelda alishaagiza kipya, kiko Bujumbura kinangoja gari, hakuna aliyelala kazini, hakuna wa kumnyooshea kidole, lakini chembe mbili zikigeuka ndani ya neno moja, kifaa kinajua tu kwamba kuna ubaya, hakijui ubaya uko wapi, hakiwezi kunyoosha, kinapiga kelele, na kernel inaamua papo hapo, ukurasa ni safi, tupa usome upya, ni wa programu fulani, iue programu ikiugusa, ni wangu mimi mwenyewe kernel, basi nasimama, nazima kila kitu, afadhali giza, na ikija hiyo ya tatu sasa hivi faili la Raissa litatoweka mbele ya Houssein na hata hicho kidogo hatutakuwa nacho, kwa hiyo sigusi, mkono wangu uko juu ya kibodi na sigusi, ninaogopa hata kukohoa karibu nayo.

Sema kitu, sema chochote, wewe si ndiye unayejua, Mtanzania wanavyokuita hapa, muulizeni Mtanzania, yeye iko anajua mashine, tangu tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, tangu lile lori lilipotushusha Bukirasazi na vyungu vyetu na watoto wakacheka Kirundi changu, nimejifunza kwamba mgeni haruhusiwi kutojua, mwenyeji akisema sijui ni mnyenyekevu, mgeni akisema sijui basi arudi alikotoka, na baba alijifunza hivyo kabla yangu, baba yangu Urbano, siku ile wakubwa wa mashamba walipokuja kuweka mipaka na jirani akaja na kijiji chote kikasimama kwenye umande, wakamuuliza Urbano, shamba la marehemu baba yako liliishia wapi, na baba aliondoka hapo akiwa mgongoni mwa mama yake, atajua nini, alikuwa anajua harufu ya mgongo wa mama yake, lakini macho yote yalikuwa usoni kwake, na mwanaume asiyejua shamba la baba yake ni nani, akainua mkono, hakutetemeka hata kidogo, akasema kwenye mfereji ule, wakaandika mfereji, jirani hakubisha, akaenda zake, na msimu wa kulima tulipofika ng'ambo kidogo tu ya mahindi, karibu na mfereji, jembe la baba likagonga mawe yaliyopangwa, madogo, kwa mstari, kama yanavyopangwa pale ambapo mtu hakuwa na uwezo wa saruji, alikuwa mke wa jirani, alizikwa pale sisi tukiwa Tanzania, na baba akarudisha udongo kwa mikono, akapiga magoti akarudisha kwa mikono, hakulima tena upande ule, mpaka leo pana majani marefu, lakini hakwenda kwa jirani kusema nilikuwa sijui, neno moja, lingemgharimu nini, jirani mwenyewe angemwonyesha mpaka, wangeutembea pamoja, na mimi nilikuwa nimesimama pale na ndoo ya maji nikafikiri baba ameonewa na ardhi... miaka yote nimefikiri kosa lilikuwa kuonyesha mahali pabaya, kumbe kabla ya mkono kuinuka kulikuwa na nafasi, palikuwa na kimya kidogo, watu wote wakingoja, na ndani ya kile kimya angeweza kuwa salama na jirani akawa salama na yule mama chini ya mawe akalala.

Kimya kama hiki. Hiki hiki, Houssein anapumua, mimi natafuta ulikuwa ukurasa wa nani, ulikuwa na neno gani, natafuta nijue kwanza ndipo niseme, na kernel haikutafuta, sasa naliona, haikujua kilichokuwa ndani ya ukurasa ule, haikujali kama ni Raissa au bili, ilijua jambo moja tu, kwamba pale hapaaminiki, na ikapafunga hapo hapo, haikusubiri kujua... Houssein, nasema, na sauti inatoka kubwa kuliko nilivyotaka, daktari Imelda anashtuka, Houssein, sijui, sikiliza, asubuhi mashine imepoteza kitu kilichoandikwa, inaweza kuwa kwenye faili la Raissa, inaweza kuwa kwingine, sijui ni nini na siwezi kujua kutoka hapa, usiliamini hilo neno hakuna, usiliamini faili zima, nisikie vizuri, sikuambii ana mzio, nakuambia sijui, na mimi nimefumba macho nikingoja Houssein aseme basi kazi yako ni nini, na badala yake mkono wa daktari Imelda unapita juu ya bega langu, unabonyeza sauti ya simu itoke nje, anaongea akiwa amekaribia mpaka nasikia harufu ya sabuni ya mikono yake, Houssein, ni Imelda, umupokee kama mgonjwa asiyekuwa na dossier, kama wamemuokota barabarani, umeelewa? weka ile ya dripu, anza sasa, na Houssein, ego Docteur, ndiyo, mi nilikuwa naogopa kusema, naweka ile ingine, na simu inalazwa mezani bila kukatwa, tap, na sasa nasikia chumba chote kutoka mbali, maji yanafunguliwa, mama Zaituni anaambiwa akae nje.

Ndipo hofu inakuja upya, ile niliyokuwa nayo ilikuwa mwanzo tu, kwa sababu sasa dripu inadondoka, tone, tone, kila tone ni mimi niliyelichagua, na usaha hausubiri, na ikiwa Raissa hana mzio wowote basi nimempokonya dawa iliyokuwa tayari mkononi kwa ajili ya neno kwenye kioo, kuku wake nitawatazamaje, na kuna kitu kibaya zaidi ndani yangu, nakiona kinachungulia, ninatamani iwe kweli, natamani Farida aingie aseme ndiyo dada, nilimwandikia mzio, ndiyo, ungemuua, natamani Raissa awe na dawa inayomuua ili mimi niwe na haki, mtu gani huyu, mtu gani anasimama mbele ya mashine anaomba rafiki yake awe na ubaya... astaghafiru, angesema Raissa, na angecheka.

Dada Anisia, dada, nini imetokea, na huyu ni Farida, ameingia na hewa ya nje, ushungi umeteleza, bado ana mkebe wa chakula mkononi, mlinzi amemchukua kabla hajafungua, namgeukia nusu, simu imeganda sikioni ingawa sauti iko nje, Farida, asubuhi Ilyasi alikuambia uandike nini kwenye faili la Raissa? na anatutazama, mimi, daktari, mimi, macho yamejaa machozi kabla hata hajajua kosa, sikuandika kitu mubaya dada, haki ya Mungu, ni namba, numéro ya simu, alibadilisha laini, alisema ile ya zamani imekufa, niandike mupya ili kule Muyinga wamupate, nikaandika, ikakubali, kwani haiko? ... namba, daktari Imelda anasema polepole, namba ya simu, na mimi nafungua faili la Raissa kwa kidole kimoja, kwa woga, kama mtu anayefunua kidonda, simu ya mume, ni ile ya zamani, ile iliyokufa, ile tuliyoipiga sisi na Muyinga wakaipiga, haikuwa sala, haikuwa kuzima, tulikuwa tunaipigia laini iliyokufa kwa sababu ukurasa mchafu umepona, na kumbe faili lilikuwa limepotoka kweli, lakini si pale nilipolitilia shaka, pale kwenye mzio huenda hapakuguswa kabisa, na nangoja aibu inipande, nimeshaitayarishia mahali, namba ya simu tu Anisia, umemtundika rafiki yako dripu kwa namba ya simu, lakini aibu haiji, au inakuja na kupita pembeni, kwa sababu hata nikirudi nyuma mpaka kwenye kile kimya nikiwa na nilichokijua, ningesema neno lile lile, na hilo halijawahi kunitokea, kujua kwamba ningerudia.

Unayo hiyo namba kichwani Farida? iko kwenye simu yangu dada, alinibip ndipo nikaiandika, pale inachaji, na anakimbia, anarudi na simu na waya unamfuata sakafuni, daktari Imelda anaokota mkebe uliobaki mlangoni asiupige teke mtu, naipiga, simu ya Farida kwenye sikio la kushoto, inaita, hii inaita kweli, kwenye kulia Muyinga, viatu vya mpira, sauti ya Houssein kutoka mbali, sasa Raissa, hesabu na mimi, moja, mbili, na sauti ndogo ya Raissa mwenyewe, nyembamba, ya mtu aliye chini ya shimo, moja, mbili, tatu, kisha haipo, kisha mlio wa kimashine kinachofuata moyo, tii, tii, na Houssein anaikaribia simu, dada Anisia, Docteur, dawa imeingia ya kutosha, amelala, uso uko sawa, koo iko sawa, wanaanza kupasua, musikate, na hatukati, hakuna anayefikiria kukata, sauti ya seva inavuma vilevile, taa yake ya rangi ya chungwa iko vilevile, mstari ule uko pale pale kwenye kioo, na nikimaliza hapa nitaizima na kuitoa ile barrette mbovu, daktari atakubali au tutabishana, lakini si sasa, sasa simu ya kushoto imepokelewa, hallo? na nyuma ya hallo nasikia watu wengi, wanatafuta viatu vyao mlangoni mwa msikiti, mtu anamwita mtu, hallo, Farida? hapana shemeji, ni mimi, Anisia, na nasikia anajitenga na watu, kwa sababu mtu hapigiwi na jirani yake kwa simu ya mapokezi bure, Raissa, anasema, iko namna gani Raissa, wamemufanya nini? na kuna mengi ya kumwambia na mengine ya kumuuliza, Bujumbura, mkate, sindano ipi, karibu yote sina hakika nayo, na koo langu linataka kusema usijali, kila kitu kiko sawa, kama wanavyosema watu, linataka sana, nalinyamazisha, nabana simu ya kulia sikioni mpaka inauma, tii, tii, tii, na chini ya mlio huo, nikishika pumzi yangu mwenyewe, pumzi nyingine, ndefu, inakwenda na kurudi... anapumua, shemeji, nasema, niko namsikia hapa, hilo nalijua.